Sura ya Sita: Petro Kavumbi Hana Namba ya Ubatizo

Kadra alikuwa ameshaketi kwenye benchi la nje ya ofisi ya upelelezi, Garsen, kabla mlinzi hajafungua lango. Inspekta Mbodze Gunga alimkuta hapo kwa siku ya nne mfululizo, buibui limejaa vumbi hadi magotini, viatu amevivua na kuvipanga kando ya ukuta. Mbodze hakupenda watu wanaomngoja. Aliwapenda zaidi wanaomkimbia, maana hao alijua la kuwafanyia.

"Dada, nilikwambia nitakupigia simu."

"Simu haina chaji," Kadra akasema. "Mimi nakaa tu. Kukaa nishazoea."

Alikuwa Muorma wa miaka thelathini na minne. Mwaka 2012, ule mwaka wa mapigano ya wafugaji wa Kiorma na wakulima, mumewe Liban alitoka na ng'ombe asubuhi, na jioni ng'ombe wakarudi peke yao. Tangu siku hiyo Kadra hakuwa mke wala mjane. Kadhi alikuwa radhi kuivunja ndoa, lakini mwenyewe alikataa, akasema hawezi kuachana na mtu ambaye hajui yuko wapi.

Kilichomleta hapa ni mifupa. Ijumaa iliyopita vibarua walikuwa wakihamisha makaburi manne kwenye kiwanja cha kanisa la Kilutheri. Mji umepanuka, kanisa halitoshi tena, na ukuta mpya ulipangiwa kupita pale pale. Matatu ya kwanza yalikuwa na masanduku. La nne halikuwa na sanduku, na fuvu lililotoka humo lilikuwa na alama ya panga. Msalaba wake wa mbao uliandikwa PETRO KAVUMBI, 2012. Kufikia Jumamosi stendi nzima ilikuwa na maneno. Wengine walisema wafugaji walimuua Mkristo, wengine kwamba kanisa limeficha mengi zaidi, na mkuu wa kituo akamwambia Mbodze anataka jibu kabla ya swala ya Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne.

Ripoti ya daktari ilikuwa mezani kwake tangu jana. Mwanamume, miaka ishirini hadi ishirini na tano. Amekatwa mara moja, kutokea nyuma. Kisha mstari wa mwisho, ambao Mbodze aliusoma mara tatu na hakumwambia mtu.

"Liban alikuwa na alama yoyote mwilini?" aliuliza, kama anayejaza fomu.

Kadra alinyoosha mkono wake wa kushoto, akagusa chini ya kiwiko. "Hapa. Ng'ombe ilimkanyaga akiwa mtoto. Ikapona, lakini ikapinda. Akishika kikombe, mimi nacheka."

Mbodze alifunga faili. Mstari wa mwisho wa daktari ulisema mkono wa kushoto ulivunjika utotoni, chini ya kiwiko, ukaunga vibaya.

"Vipimo vya vinasaba vimepelekwa Nairobi. Vitachukua miezi," alisema. "Na msalaba una jina la Mkristo."

"Msalaba inajua nini?" Kadra akauliza. Mbodze akachukua kofia yake akatoka.

*

Koplo Shee alikuwa amepiga magoti kando ya shimo. Alikuwa mzee wa Kipini, miezi miwili tu imebaki astaafu, na magoti yake yalilalamika kila alipoyakunja, ila jicho lake lilikuwa bado kali.

"Njoo uone, Madam. Hili si kaburi la Kikristo hili."

"Lina msalaba."

"Msalaba umesimama miguuni." Akaelekeza kidole. "Haya matatu, vichwa viko magharibi, na msalaba uko kichwani. Huyu kichwa chake kilikuwa mashariki. Sasa tazama huku chini."

Chini kabisa, kwenye ukuta wa kaskazini wa shimo, kulikuwa na nafasi nyembamba iliyochimbwa kwa ndani, urefu wa mtu.

"Mwanandani huo," Shee alisema. "Maiti wetu Waislamu hulazwa humo kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Na kibla chetu hapa ni kaskazini. Kisha huzibwa kwa mbao, mchanga usimguse. Vibarua walitoa mbao ngapi?"

"Nne. Za rangi ya buluu."

Shee aliligeukia kanisa. Kupitia mlango uliokuwa wazi yalionekana mabenchi, yote ya buluu.

"Aliyemzika alijua anamzika nani," Shee akasema taratibu. "Na hakuwa na haraka. Mtu aliyeua hapati subira ya kuchimba mwanandani."

Mzee Fondo aliwafikia akiwa amevaa kofia ngumu ya njano, ingawa kazi ilikuwa imesimamishwa na hapakuwa na kitu cha kumwangukia. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, bonge la mtu, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake.

"Mbodze mwanangu! Bado mnachungulia shimo?"

"Huyu Petro Kavumbi alikuwa nani, mzee?"

"Kibarua. Alikuja na mafuriko, hata kwao hatukupajua. Mwinjilisti Silas ndiye aliyemzika."

"Wewe hukuwepo?"

"Mwaka ule? Nani alikuwa na nafasi ya mazishi? Watu walikuwa wakilala vichakani."

"Na panga la kichwani?"

"Wafugaji, nani mwingine." Alitoa kijitabu mfukoni, kipya, chenye jalada la kumetameta: *Miaka Thelathini na Mitano ya Neema: Historia ya Usharika wa Bethania, Garsen*. "Soma ukurasa wa kumi na tisa. Mwinjilisti ameandika kila kitu. Waliingia humu kanisani wakaiba kitambaa cheupe cha madhabahu. Mtu wa kumwibia Mungu atashindwa kumkata Petro?"

Mbodze alikipokea. "Nani aliamua makaburi yahamishwe?"

"Kamati ilipiga kura. Lakini wazo ni langu, hilo siwezi kukataa." Fondo alisogea karibu, akashusha sauti. "Wewe ni wa kwetu, Mgiriama mwenzangu. Hii kitu ukiichimba sana, utawasha mji."

"Mimi ni wa serikali, mzee. Kwetu naenda likizo."

Fondo alicheka, akaondoka. Mbodze aliandika maneno yake katika daftari, kisha akalikata jina lake kwa mstari. Muuaji hatumi watu kumfukua aliyemuua. Ilimuuma kidogo, kwa sababu alikuwa ameanza kumchukia.

*

Funguo za sakristia, kile chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu, zilikuwa na Mama Dama, aliyetunza vitambaa vya kanisa tangu kanisa lenyewe lilipokuwa stoo ya kupanga nyuma ya duka la mafuta ya taa. Alivuta droo nne kwa fahari ya mtu anayeonyesha vyombo vya harusi.

"Zambarau ni ya Kwaresima na siku za kungoja Krismasi. Nyekundu, Pentekoste. Kijani, Jumapili za kawaida. Nyeupe, Krismasi na Pasaka. Hiki cheupe ni kipya, mwanangu. Cha kwanza nilikitarizi mimi mwenyewe kwa uzi wa dhahabu, miezi mitatu."

Mbodze alifungua kijitabu ukurasa wa ishirini na moja. Kulikuwa na picha ya kwaya, na chini yake: *Krismasi, 2012*. Kitambaa cha madhabahuni kilikuwa kijani.

"Mwaka ule hatukuwa na cheupe," Dama alisema, uso ukabadilika. "Waorma walikuwa wameshakiiba. Krismasi tumetandika kijani kama Jumapili ya kawaida! Nililia ibada nzima."

"Uliwaona wakiiba?"

"Mwinjilisti alisema hakipo. Nani mwingine angeiba mwezi ule?"

Mbodze alitoa mfuko wa ushahidi mkobani. Ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa, kimekuwa na rangi ya udongo, na juu yake nyuzi chache zilizokuwa bado zinang'aa. Dama aliweka miwani. Hakutazama upande wa mbele, aligeuza mfuko akatazama mshono kwa nyuma.

"Masuke matatu ya ngano," alisema. "Hili la tatu nililikosea nikalirudia. Ona fundo. Ni langu hili." Akainua uso. "Mmewakamata? Mmekipata kwa nani?"

"Ndani ya kaburi la Petro Kavumbi, mama. Ndiyo iliyokuwa sanda yake."

Dama alikaa juu ya droo iliyo wazi, vitambaa vikiwa chini yake, na hakuona.

"Miaka kumi na mitatu," alisema. "Hata sokoni. Nikimuona Muorma nanunua kwingine. Nawaambia watoto, hao ni wezi."

"Mama, chumba hiki kina funguo ngapi?"

"Mbili. Wangu, na wa Mwinjilisti."

*

Mwinjilisti Silas alikuwa Mpokomo wa miaka sabini na moja, mwembamba, shati limefungwa kifungo cha shingoni. Alikuwa amestaafu kuhubiri, lakini vitabu vya usharika vilikuwa bado mikononi mwake. Mbodze na Shee walipoingia kwake, nyuma ya kanisa, walivikuta vitano vimepangwa mezani: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi, na Meza ya Bwana. Hakuna aliyekuwa amemwomba avitoe.

"Una haki ya kunyamaza, Mwinjilisti. Utakachosema kitaandikwa."

"Kiandikwe," Silas alisema. "Mimi mwenyewe ni mtu wa kuandika."

Mbodze alifungua kitabu cha mazishi. Mistari yote ilikuwa ya mkono mmoja, mdogo na ulionyooka: jina, tarehe, mahali, kisha safu ya mwisho, namba ya ubatizo. Alishuka na kidole. Mwanamke wa miaka themanini, namba kumi na mbili. Mtoto wa siku sita, namba mia mbili na nne. Petro Kavumbi, Septemba 2012. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

"Hana namba."

"Hakubatizwa."

"Umemzika mtu asiyebatizwa katika kiwanja cha kanisa, ukampa jina la mtume, kisha ukaacha nafasi. Ungeandika namba yoyote. Nani angekagua?"

Silas alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Siwezi kuandika ubatizo ambao haukuwepo, Inspekta. Hicho ni kitabu cha kanisa."

"Lakini jina uliweza kulitunga."

"Jina lake sikulijua. Na aliyezikwa hapa hawezi kukosa kitabuni. Nilikaa na kalamu mpaka kukapambazuka."

Shee aligeuza uso dirishani. Mbodze alifungua kijitabu cha historia, akakiweka juu ya kitabu cha mazishi.

"Humu umeandika wafugaji waliiba kitambaa. Hawakukiiba. Ulimvika wewe."

Mzee aliikalia mikono yake.

"Kamati walitaka historia iwe hivyo. Nikaandika. Hiyo ndiyo dhambi yangu nyingine."

"Tuanze na ya kwanza."

Alieleza akitazama meza. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni, saa ya maombi ya wazee wa kanisa. Wazee wote walikuwa wamekimbia, yeye akabaki peke yake akifagia. Kijana akaingia mbio, hana viatu, fimbo ya kuchungia bado mkononi. Hakujua Kiswahili kingi. Alisema, "Mlango, mlango," na Silas akafunga mlango, akamwambia akae nyuma ya madhabahu, kwa kuwa pale hakuna wa kumgusa. Kijana akakaa. Baada ya muda mlango ukagongwa.

"Ukafungua."

"Alijitaja. Nikaijua sauti. Alikuwa mzee wa kanisa, na ilikuwa saa ya maombi ya wazee." Silas alifunga macho. "Nilidhani amekuja kuomba. Mungu wangu, nilidhani ndiye mzee mmoja aliyekumbuka. Alinipita mlangoni na panga. Kijana alikuwa ameshasimama kukimbilia dirishani."

Kisha Silas akaendelea, maneno yakitoka upesi. Alimuosha kijana kwa maji ya beseni la ubatizo, kwa kuwa hakuwa na mengine na kutoka nje hakuwezekana. Alibomoa benchi kwa nyundo. Mwanandani aliujua tangu ujana, zamani zile Waorma na Wapokomo walipozikana. Hakusema kwa sababu vijiji vilikuwa vikichomwa kwa maiti mmoja, na aliogopa maiti huyu naye angeleta kisasi. Baadaye, vita vilipoisha, kila mwaka alisema atasema mwaka unaofuata.

"Nani alikuwa na panga?"

"Hilo siwezi. Nimebatiza watoto wake."

Mbodze hakubishana. Alivuta kitabu cha tano. Mchungaji, kama Dama alivyomweleza, alifika mara moja kwa mwezi, na hakumpa mtu mkate na divai kama jina halimo katika orodha. Na orodha iliandaliwa na mwinjilisti. Mbodze alianza Januari 2012, akisoma jina baada ya jina kwa sauti. Februari. Machi. Jina moja lilikuwa la kwanza kila mwezi. Likawepo Julai. Likawepo Agosti. Septemba halikuwepo. Oktoba halikuwepo. Alifunua 2015, akafunua 2019, akafunua Jumapili ya juzi.

"Mzee wa kanisa," alisema. "Mwenyekiti wa kamati. Miaka kumi na mitatu hajala Meza ya Bwana hata mara moja. Wenzake wakienda mbele, Fondo huwa wapi?"

Silas alipumua kwa nguvu. "Husimama mlangoni. Watu hudhani analinda viatu vya wanakwaya."

"Nani alimkataza?"

"Mimi. Nilimwambia siku atakayokwenda polisi, ndiyo siku nitakayoandika jina lake."

Mbodze alikumbuka daftari lake, na jina alilolikata asubuhi ile. Alijisikia mjinga, na hasira ikampanda.

"Basi kwa nini yeye mwenyewe aamuru makaburi yafukuliwe?"

"Hakujua. Nilimwambia mwili niliutupa mtoni, mamba wakaumaliza. Alishukuru." Mdomo wa mzee ulipinda kwa uchungu. "Kwake Petro Kavumbi alikuwa kibarua wa mafuriko, jina tu kitabuni."

"Na kamati ilipopiga kura? Ungeweza kupinga."

"Ningeweza," Silas alisema. "Niliinua mkono kabla ya wote."

Shee alimsomea maelezo yake kuanzia mwanzo. Silas alisahihisha tarehe moja, akatia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Kisha akauliza kama anaweza kuvaa viatu vya Jumapili, kwa kuwa alijua kuficha mauaji nako kuna kesi yake.

*

Fondo alikuwa kwenye rundo la matofali, akiongea na simu. Alimuona Mbodze amebeba kitabu kwapani, akamuona Shee na Silas nyuma yake, akakata simu.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Wewe umekosekana kitabuni, mzee. Mikono."

Alifikiri kidogo, kama anayetafuta neno la Kigiriama la kumwambia mwenzake, kisha akavua ile kofia ya njano akaiweka juu ya matofali kwa uangalifu. Ndani ya gari hakumtazama Silas hata mara moja. Mbodze alifurahi kuzisikia pingu zikibana, na hakuona haya kufurahi.

Kadra alikuwa bado kwenye benchi. Mbodze hakumuita ndani. Aliketi kando yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote nne.

"Ni yeye," alisema. "Nairobi watathibitisha, lakini ni yeye. Mkono ni ule."

Kadra aliitika kwa kichwa.

"Alikimbilia kanisani."

"Walimfungulia?"

"Alifunguliwa. Kisha aliyemfuata naye akafunguliwa." Mbodze alilazimisha maneno yatoke, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa na haki nayo. "Tumemkamata. Na aliyemzika tunaye pia. Alimuosha. Alimvika nguo nyeupe, akamlaza ubavu wa kulia, uso kibla. Koplo Shee ameona mwenyewe."

Kadra alimgeukia Shee. Mzee alisema ndiyo, ndani ya mwanandani, uliozibwa kwa mbao. Hapo ndipo Kadra alipolia, bila sauti, ncha ya buibui mdomoni. Walimngoja.

"Eda ni miezi minne na siku kumi," alisema hatimaye. "Naanza leo."

Shee alikohoa. Alisema kwa upole, kama baba. "Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kufa mume. Yako ilishapita zamani. Huna deni la siku hata moja."

"Imepita," Kadra alisema. Aliinama akavaa viatu, kimoja kimoja, akavifunga. "Lakini mimi sijakaa."

Alisimama, akakung'uta vumbi la benchi nyuma ya buibui. Kwa mara ya kwanza hakuuliza arudi lini.

"Dada polisi, hiyo kesi ikianza, usiite mimi mpaka miezi iishe," alisema. "Mjane hatoki nje."